Mugonjwa wa Beu

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu sikujua pa kukaa. Viti vilikuwepo vya kutosha, vya kanisa na vya majirani, vimepangwa chini ya turubai uani kwetu Vulamba, mjini Butembo, na kila aliyepita aliniambia kaa, Mama Masika, umechoka. Lakini tangu niolewe, mahali pangu pa kukaa palitegemea mahali pake. Kwetu mwanamke hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi kitu mkono kwa mkono, hamsemeshi moja kwa moja. Shangazi zangu walinifundisha hivyo, na Baba Paluku, baba wa mume wangu, aliishika desturi hiyo hata majirani walipokuwa wameshaiacha. Kwa hiyo Mama Paluku alikaa katikati yetu. Nikitaka Baba ajue kwamba mvua inakuja, nilimwambia Mama, na Mama akamgeukia na kusema mvua inakuja. Baba alikuwa amenisikia vizuri sana, maana hakuwa mbali, ila alingoja asikie kutoka kwa mkewe ndipo atazame mawingu. Wageni walitucheka. Siku ya mazishi nilikwenda kusimama jikoni na masufuria, kwa sababu jikoni hapahitaji mtu wa katikati.

Kahindo, wifi yangu, alinikuta huko. Alikuwa amefika kutoka Kampala anakoishi na wanawe, amenenepa, amevaa miwani, macho yamevimba. Tulikumbatiana, tukalia tena, kisha akanisogelea sikioni na kuniuliza, "Unakumbuka Mugonjwa?" Nikacheka. Naye akacheka, tukashikana mabega tukicheka juu ya maharagi ya matanga mpaka shangazi mmoja akachungulia na kututazama kwa jicho baya. Mugonjwa lilikuwa jina la gari. Tangu hapo mwaka ule umenirudia kichwani na haujataka kutoka.

Tulikuwa Beni, katika mtaa mmoja wa Beu, wakati wa vita. Ndoa yangu ilikuwa bado changa. Paluku, mume wangu, alikuwa amekwenda Kanyabayonga, kusini kupita Butembo, kununua maharagi, na mapigano yakajifunga nyuma yake. Barabara ikakatwa, yeye akabaki upande ule, mimi upande huu. Nikabaki bibi arusi katika nyumba ya watu wengine. Sitaki kulipamba jambo hili: nilikuwa mfungwa. Kutoka upande wa msitu watu walikuwa wakiingia Beni na magodoro vichwani, na habari walizoleta zilisemwa kwa kunong'ona ili watoto wasisikie. Mjini kulikuwa na askari wa kila namna, na kila namna ilikuwa na barieri yake, mti uliolazwa barabarani kuzuia watu. Dunia yangu ilikuwa sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, chumba nilicholala na Kahindo, na jiko la mbao uani. Mbao za jiko ziliachana, na katika nafasi zake niliona kibanda cha mabati lilimoegeshwa gari. Mama mkwe wangu sikumpenda mwaka ule. Aliongea kidogo, alipika kwa chumvi kidogo, na kila nilichosema kilipita mdomoni mwake na kutoka kimepunguzwa. Kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kutazama, nilitazama gari.

Lilikuwa kamionete, gari dogo la mizigo, kuukuu la petroli, lenye rangi ambayo zamani ilikuwa bluu, na ndilo lililoilisha nyumba ile kabla ya vita. Askari walikuwa wakichukua magari ya watu kwenda nayo vitani, na gari likichukuliwa halikurudi. Wengine waliyatoa magurudumu na kuyafukia chini ya migomba. Baba Paluku alikuwa na njia yake. Injini ya namna ile ina buji, zile zinazotoa cheche ndani na kuwasha petroli, na kila buji ina waya unaoiletea umeme kwa zamu yake. Ukibadilishana nyaya mbili, zamu zinavurugika: injini inawaka, lakini inatetemeka, inakohoa, inapasuka kwenye bomba la moshi hadi kuku wanakimbia. Baba akisikia buti njiani, alifungua kapo, ule mfuniko wa mbele, akavuta nyaya mbili haraka haraka na kuzibadilishana. Askari wakiingia, aliwapa ufunguo mwenyewe, kwa adabu zote. Waliwasha, wakatikiswa, wakatukana, wakaondoka. Ndipo gari likaitwa Mugonjwa. Majirani walipita wakiuliza, "Mugonjwa ameamuka je?" na Baba alijibu kwa uso wa huzuni kwamba hali si nzuri. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba ile, na hata mimi niliyekuwa nimenuna kutwa niliicheka.

Kisha Komanda akaanza kuja kunywa chai. Jina lake sikulijua wala sikulitafuta. Alikuwa kijana, msafi, mwenye sauti laini, na alikuja kila alasiri na mlinzi aliyebaki mlangoni. Alikaa kwenye kiti cha Baba, bunduki mapajani. "Mbote, mama," alimwamkia Mama Paluku. "Chai njo iko?" Chai ilikuwapo. Alitaka sukari nyingi, wakati ambapo sukari ilikuwa haionekani sokoni, na alitaka iletwe na Kahindo. Kahindo alikuwa msichana wa shule ambayo ilikuwa imefungwa, mrefu, mwoga hata wa vyura. Alileta sinia, vikombe vikigongana, na Komanda alitabasamu kwa kuvisikia vikigongana. Mimi nilisikiliza yote nyuma ya mlango. Siku moja nilimsikia akisema, "Mimi hapana mwizi, muzee. Minajua desturi. Dimanche nitaleta mbuzi ya mahari."

Baba alikohoa. "Mukubwa, kaka yake haiko. Bila kaka yake hatuwezi kupokea mbuzi."

"Kaka yake iko ngambo ya vita. Tutamungojea mupaka lini?"

Komanda alimaliza chai, akashukuru vizuri, akaenda zake. Kahindo alitapika nyuma ya jiko, nami nikamshika kichwa. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa maana nyumba ilikuwa hiyo hiyo moja na mume wangu hakuwamo.

Ikaamuliwa tumpeleke Butembo, kwa wazazi wangu, kabla ya Jumapili hiyo. Kwa miguu haikuwezekana; wasichana walikuwa wakitolewa kwenye mistari ya barieri mchana kweupe. Ilibidi Mugonjwa apone. Baba alifungua buji akazikuta nyeusi tii, zimelowa petroli na masizi, kwa sababu ya miezi yote ile ya kukohoa kwa makusudi. Jirani yetu Mzee Saidi, msafirishaji ambaye malori yake yalikuwa yameshachukuliwa yote, akatuletea mpya ndani ya ndoo ya unga. Baba akazifunga, akarudisha kila waya mahali pake, akawasha. Gari likatetemeka. Akazima, akakagua nyaya, akawasha tena. Likakohoa vilevile. Nilimwona katika nafasi za mbao, amesimama mikono kiunoni, na nikaelewa kabla hajasema neno. Safari hii Mugonjwa hakuwa anaigiza.

Mimi ndiye niliyeitwa kukanyaga mafuta, kwa kuwa Kahindo hakutakiwa kuonekana nje. Fimbo ya kushikilia kapo ilikuwa imepotea zamani, kwa hiyo Mama alisimama mbele akiibeba kapo kwa mikono miwili, na kutoka hapo alipitisha maneno. "Umuambie mke wa Paluku akanyange kidogo," Baba alisema, ameinamia injini. "Anasema ukanyange kidogo," Mama alisema. Nikakanyaga. "Umuambie aache." "Anasema uache." Nilikuwa nimeshaacha. Injini ikiwa inanguruma, Baba alishika waya mmoja mmoja kwa kipande cha ndala ili umeme usimpige, akauchomoa na kusikiliza. Ulipotoka waya wa kwanza, injini ilizidi kudhoofika. Maana yake silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Wa pili hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu hakuna kilichobadilika. "Huyu njo mufu," alisema. Akatoa buji ya tatu akaibadilishana na ya kwanza, kwani kama buji ndiyo ilikuwa mbovu, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Hata hivyo Baba aliendelea kuzilaumu buji, kwa sababu ndizo alizogusa mwisho. "Banatuuzisha bintu bya uongo," alisema, akazisugua, akapima nafasi za ncha zake kwa wembe, akafungua delko, kile kikombe kinachogawa umeme, akakikausha kwa shati lake. Siku zikaenda namna hiyo, Mama mikono juu, mimi mguu kwenye mafuta, na alasiri Komanda anakuja na kucheka. "Muzee, huyu mugonjwa wenu munamuzika lini?" Baba alicheka naye, kisha akienda alikaa kwenye ndoo na kushika kichwa.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilikuwa nimemtazama miezi mingi, na kila askari walipokuja, waya aliouvuta kwanza ulikuwa ule wa tatu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono. Hakuushika kichwani pale kwenye mpira. Aliushika katikati na kuuvuta kwa ghafla. Waya unaovutwa hivyo unakatika ndani huku ngozi yake ni nzima. Na nani angegundua, wakati gari halikuwa limewashwa likiwa na zamu sahihi tangu sijui lini? Ugonjwa wa uongo ulikuwa umeufunika ule wa kweli. Nilimwambia Mama tukiwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo. "Mama, ile waya ya tatu, Baba ameivuta sana. Labda imekatika ndani. Umuambie."

"Hiyo mi siwezi kumuambia."

"Ju ya nini?"

"Utamuambia mwanaume kama ni mukono yake njo imeua gari yake, na mutoto yake iko nangojewa? Twanga."

Nikatwanga. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Jumapili ilikuwa inakuja, Kahindo alikuwa amelala amegeukia ukuta, na neno moja ambalo lingeweza kututoa lilikuwa limekwama kwenye koo la mwanamke huyu kwa ajili ya heshima. Jioni nilipeleka chakula mpaka mlango wa sebule, Mama akakipokea na kukiweka mbele ya Baba, nami nikabaki nyuma ya mlango kama kawaida yangu. Walipokuwa wakila, Mama akasema, "Unakumbuka ile redio ya ndugu yako?"

"Redio gani?"

"Ile ilinyamaza. Balifungua, baliangalia ndani yote. Kumbe ni kamba yake ilikatika ndani. Inje ilikuwa muzima." Akatafuna kidogo. "Ju balikuwa banaikunja kila siku kuificha, baaskari basiione."

Baba akasukuma sahani pembeni na kusema, "Hii sombe iko na chumvi mingi."

"Nitamuambia mke wa Paluku," Mama akajibu.

Kulipopambazuka Baba alikwenda moja kwa moja kwenye waya wa tatu. Aliutoa, akaupeleka kwenye buji ya kwanza, na wa kwanza akauleta kwenye ya tatu. Tukawasha. Sasa silinda ya tatu ilifanya kazi na ya kwanza ndiyo iliyokufa. Ugonjwa ulikuwa umehama na waya. Baba alikwenda kwa Mzee Saidi akarudi na waya wa gari lililokufa zamani, ameuficha ndani ya soksi, akaufunga, na injini ikanguruma laini, sauti moja, tamu, ambayo sikuwahi kuisikia tangu niingie nyumba ile. Kahindo alitoka mlangoni kuisikiliza. Mama akatabasamu huku kapo imemlemea. Baba alitabasamu pia, kisha tabasamu likafifia, akanyoosha mkono akachomoa waya mpya.

"Mbona unaiuwa tena?" Mama akamuuliza.

"Gari muzima haivuke barieri. Ya kwanza tu bataikamata."

Ilikuwa kweli, na kila mmoja wetu aliona kwamba ni kweli. Gari zima lingechukuliwa Beni; gari gonjwa lisingepanda kilima cha Kabasha, njiani kwenda Butembo. Nikaona tumefungwa pande zote, na safari hii sikumngoja mtu. Nilisema kwa sauti, nikimtazama Mama ingawa maneno yalimlenga Baba: liende likiwa gonjwa, lipone tukishavuka barieri. Waya mzuri nitauvaa mimi. Mama akageuka, akamtazama mumewe. "Amesema muzuri," akamwambia.

Tulipakia mikungu ya ndizi, na Kahindo akalala chini yake ndani ya turubai. Waya nikauzungusha kiunoni ndani ya kitenge. Nilipofungua mlango nimpishe Mama akae katikati, yeye alikuwa amesimama palepale, thermos mkononi. "Mi ni munene," alisema. "Gari haitapanda na miye. Mutaenda nyinyi." Baba akashuka. Walitazamana. Mama hakuwa mnene; alikuwa mwembamba kuliko mimi. Lakini alasiri ingefika, Komanda angekuja, na ilibidi mtu awepo wa kumpa chai na kumwambia kwamba msichana amekwenda sokoni, anarudi sasa hivi, ongeza sukari, mkubwa. Ilibidi mtu awepo wa kumchelewesha mpaka tufike. Baba alifungua mdomo, na Mama akasema tu, "Muende, jua inapanda." Sijawahi kuona aibu kama niliyoona wakati ule kwa kutompenda.

Kwa hiyo niliketi ndani na baba mkwe wangu, bega langu limebanwa kwenye mlango, macho nje. Kwenye barieri gari lilitikisika na kupasuka mpaka askari wakaziba masikio. Mmoja alipanda pembeni akajaribu kukanyaga mwenyewe, akashuka akicheka. "Muzee, shuka usukume mupaka Butembo," akasema, akachukua mkungu wa ndizi kutoka juu na kuinua mti wa barieri. Ule mkungu ulikuwa juu ya miguu ya Kahindo. Niliona turubai likijongea kidogo, nikakohoa kwa nguvu, nikaendelea kukohoa, tukavuka. Barieri nyingine ilikuwa hivyo hivyo, ila pale walichukua mikungu zaidi. Kisha barabara ikaanza kupanda, na Mugonjwa akachoka. Tulitambaa, tukasimama. Baba akafungua kapo akaishika kwa mikono miwili, na ndipo tulipogundua tulichosahau: anayeishika kapo alikuwa amebaki Beni. Fimbo hatukuwa nayo. Baba hakuweza kuiachia, na waya ulikuwa kiunoni mwangu.

Tulisimama hivyo, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine, ukungu ukishuka. Aligeuza uso pembeni kwa desturi, nami nikatazama chini kwa desturi, na kati yetu hapakuwa na mtu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akiwa anaongea na mlima: "Waya ya tatu, mama. Hapana ishike katikati. Ishike kwenye kichwa."

"Ndiyo, Baba," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu. Nikachomoa ule mbovu, nikasukuma mzuri mpaka ukalia tak, vidole vikiungua. "Imeingia?" "Imeingia." "Sukuma tena." "Nimesukuma, Baba." Aliporudi kuwasha, injini ilinguruma sauti moja, na mzee yule akaweka paji la uso kwenye usukani na kulia. Nilimtazama. Sikupaswa, lakini nilimtazama.

Tulifika Butembo. Gari lenyewe halikudumu. Askari wengine walilichukua baadaye, likiwa zima, na hakuna aliyelilia. Baba alitaka kurudi Beni siku ile ile, wajomba zangu wakamshikilia kwa nguvu. Kwa majuma kadhaa hakula vizuri, na katika majuma hayo tulizungumza, mimi na yeye, maneno machache ya lazima: kula, Baba, sina njaa, mama. Kisha asubuhi moja Mama Paluku akatokea langoni kwa miguu, viatu vimekwisha, thermos mkononi. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umevimba na rangi ya manjano ya pigo la zamani. Baba alimuuliza Komanda alifanya nini. "Alikunywa chai yote," akajibu, na mpaka anakufa hakuongeza neno. Sikio la kushoto halikusikia tena. Jioni ile, tulipokaa, alivuta kiti chake akakiweka katikati yetu, sikio zima upande wa Baba, akanigeukia ili anione midomo, na Baba akasema, "Umuambie mke wa Paluku alete maji." "Anasema ulete maji," Mama akaniambia. Nililia nikiwa naenda kuyaleta, kwa furaha. Paluku aliporudi, vita ilipofungua njia, alitukuta hivyo, na tukabaki hivyo mpaka juzi.

Siku ya mazishi, watu walipopungua, nilitoka jikoni. Baba Paluku alikuwa amekaa peke yake chini ya turubai, mzee sana sasa, fimbo kati ya magoti. Kahindo alikuwa ameketi mbali kidogo, ananitazama. Kando ya Baba palikuwa na kiti kitupu, na mimi nikasimama nyuma ya kiti hicho, mahali nilipozoea. Alinisikia nikija. Bila kugeuka akasema kama alivyosema maisha yake yote, "Umuambie mke wa Paluku alete chai."

Alingoja. Nami, Mungu anisamehe, nilingoja pia. Kisha akakigeukia kile kiti kitupu.

Nikazunguka kile kiti nikasimama mbele yake. "Nimesikia, Baba," nikasema.